Mbwa Mzee Mwenye Maumivu ya Viungo: Umpe Nini, na Je, Atakula?

Yamkini nyumbani kwako yuko mbwa aliyezaliwa kabla ya kitindamimba wako. Zamani alikutangulia kwenda shambani, akarudi kukutazama, akakutangulia tena. Siku hizi mtazame alfajiri anapoamka. Huinua kwanza miguu ya mbele, hukaa kidogo, kisha hujivuta nyuma kama mzee anayetafuta fimbo yake. Akiisha kwenda hatua ishirini au thelathini mwili hupata joto, naye huenda afadhali. Watoto husema, "Simba amekuwa mvivu." Si uvivu, bali viungo vyamwuma.

Karani wa parokia huulizwa mambo mengi yasiyohusu vyeti vya ubatizo. Watu huniletea barua za shule, karatasi za hospitali, na vikopo vya dawa, niwasomee maandishi ya Kiingereza. Hivi karibuni mzee mmoja aliniletea kopo alilotumiwa na mwanawe aliye mjini, lenye picha ya mbwa mnene anayeruka ua. Ndani mlikuwa na vidonge vikubwa vya rangi ya udongo. "Karani mwanangu," akasema, "hivi ni vya magoti ya mbwa. Nimemtilia katika ugali, akala ugali wote akaacha kidonge peke yake, kisafi, kama alikilamba kwa adabu. Niambie, nimlazimishe?" Kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye shida hiyo, nimesoma na kuuliza kwa bwana mifugo, nami nawaandikia hapa niliyoyapata.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Mahali mifupa miwili inapokutana, ncha zake zimevikwa gegedu, laini na lenye utelezi, na katikati mna ute. Ni kama gololi za baiskeli zilizotiwa grisi. Gegedu likilika kwa uzee, au kwa jeraha la zamani, mfupa husuguana na mwenziwe, kiungo huvimba, nacho huuma. Wazee wetu waliita maumivu hayo baridi yabisi, na mbwa huyapata vilevile kama binadamu. Mbwa wakubwa wa kizungu, kama wale wa polisi, mara nyingi hurithi nyonga mbovu kwa wazazi wao. Mbwa wetu wa kienyeji mara nyingi amepatwa na mambo: jiwe alilopigwa akiwa mtoto, waya wa mtego, pikipiki iliyompitia mguuni. Mfupa uliunga wenyewe, akasahau. Miaka minane ikipita, ule mguu wamkumbusha.

Sasa lile kopo. Vidonge vya namna ile huwa na vitu viwili vinavyotajwa sana, glukosamini na kondroitini. Cha kwanza hupatikana hasa katika magamba ya kamba na kaa, na cha pili katika gegedu za ng'ombe na wanyama wengine. Fikira iliyowatengeneza ni nyepesi kueleweka: gegedu limelika, basi mlishe mbwa vitu vya kujengea gegedu. Ingekuwa vizuri kama mwili ungefanya kazi kama fundi mwashi, umletee matofali naye ajenge. Haufanyi hivyo. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha kazi waliyokusanya majaribio mengi yaliyofanywa kwa mbwa na paka wenye maumivu ya viungo, wakayapima pamoja. Walichokiona ni kwamba glukosamini na kondroitini hazikuonyesha faida, wakashauri zisitumiwe tena kwa maumivu hayo. Kilichoonyesha faida ni mafuta ya samaki, yale yaitwayo omega-3, ambayo hupunguza uvimbe ndani ya kiungo. Hayarudishi gegedu lililolika, lakini hupunguza maumivu.

Mzee wangu aliposikia hayo alicheka sana. "Kumbe mwanangu amenunua kamba na kaa wa kusagwa, nami nakaa kando ya ziwa!" Nami nikaona kwamba amesema kweli kuliko alivyodhani.

Maana sisi wa kandokando ya maziwa makubwa, na hata ninyi mlio mbali, dagaa twawajua. Dagaa wana mafuta hayo ya omega-3. Si mengi kama yaliyomo katika chupa ya dukani, tena dagaa waliokaa juani siku nyingi, au ghalani mpaka wakageuka rangi ya kahawia na kunuka vikali, mafuta yao yamekwisha kuchacha. Hao usitarajie kitu kwao. Chagua wenye rangi ya fedha. Waoshe mchanga, kwa sababu wengi huanikwa chini. Wale wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, basi waloweke na kumwaga maji. Kisha wapike bila chumvi, na usiwape mbwa wabichi. Konzi moja ya mtoto kwa siku yatosha mbwa wa kadiri, uanze kwa wachache ili tumbo lisiharibike. Ukipata samaki wabichi wenye mafuta, vichwa na mikia ambayo hamli, chemsha sana, chambua miiba, mpe.

Ikiwa una nafasi ya kununua kitu, au mwanao aliye mjini aomba kujua alete nini, mwambie alete mafuta ya samaki, si vidonge vya kopo. Amtazamie chupa yenye rangi nyeusi-nyeusi, isiyopitwa na tarehe, na akiifungua inuke samaki, si rangi ya kupaka mlango. Tena aangalie sana: yako mafuta ya samaki, na yako mafuta ya ini la samaki, ambayo watoto hunyweshwa. Hayo ya ini yana vitamini A na D nyingi, na mbwa akinyweshwa kila siku kwa miezi vitamini hizo humzidi zikamdhuru. Yale ya kwanza ndiyo yafaayo. Kwa mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hivi anza na matone machache juu ya chakula, uongeze polepole kwa wiki mbili mpaka nusu kijiko cha chai, na usipite kijiko kizima pasipo kumwuliza bwana mifugo. Akiharisha, punguza. Chupa uihifadhi mahali pa baridi, karibu na mtungi wa maji, si juu ya dirisha lipigwalo na jua.

Wala usimhukumu kwa siku tatu. Mafuta haya hufanya kazi taratibu, wiki sita mpaka nane. Waona ilivyo rahisi kwetu kuhesabu: tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka ni wiki sita na siku chache. Siku ya kwanza uandike pembeni mwa kalenda ya parokia mambo mawili au matatu: ahitaji hatua ngapi kabla ya kunyooka, aweza kuvuka kizingiti bila kusita, afika nawe mpaka wapi siku ya Jumapili. Siku ya mwisho utazame tena. Macho yetu hupenda kuona tulichokilipia, hivyo maandishi yafaa kuliko kumbukumbu.

Nisisahau jambo moja lisilo na gharama yoyote, na lenye nguvu pengine kuliko mafuta. Marekani walichukua mbwa 48 wa kabila la Labrador, wakawaweka wawili wawili wa tumbo moja. Mmoja wa kila jozi alipewa chakula kilichopungua kwa robo kuliko cha mwenziwe, maisha yao yote. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Wale waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Najua msomaji wa kijijini atasema, "Mbwa wangu mbavu zahesabika, apunguzwe nini?" Huyo asipunguzwe kitu, huyo aongezwe. Nasema juu ya mbwa wa bucha, mbwa wa hoteli ya mama lishe, na, tuseme kweli, mbwa wengi wa misheni, ambao hubeba tumbo kama gunia juu ya magoti mabovu. Pitisha mkono ubavuni mwake: ukizipata mbavu bila kubonyeza, hali ni njema.

Tena mwondoe kwenye sakafu ya saruji. Gunia lililojazwa majani makavu au maganda ya mahindi, mahali pasipo upepo, ni dawa, hasa kwenu mlio Njombe, Mbinga na Lushoto ambako asubuhi za Juni na Julai hukata masikio. Na kama humfunga mnyororo kutwa nzima, mfungue atembee kidogo asubuhi na kidogo jioni. Kiungo kisichotumika hukauka.

Sasa nirudi kwa swali lenyewe la mzee: nimlazimishe? Usimlazimishe. Mbwa huijua dunia kwa pua yake, na kitu kilichomtia hofu mara moja hukikumbuka. Ukimkamata kwa nguvu leo, kesho atakukimbia wewe pamoja na bakuli. Na usichanganye dawa katika chakula chote siku ya kwanza, kwa kuwa akiikataa atakataa chakula kizima, ukose vyote viwili.

Fanya hivi. Kabla ya chakula, akiwa na njaa kweli, fanya matonge matatu madogo ya ugali, kila moja kama punje ya karanga kubwa, uyachovye katika mchuzi wa dagaa au maji yaliyochemshiwa ini. La kwanza ni tupu; mpe, alimeze kwa furaha. La pili lina dawa ndani. Mara anapolidaka, mwonyeshe la tatu, lililo tupu tena, mbele ya pua yake. Naye kwa pupa ya la tatu hulimeza la pili bila kulichunguza. Wahenga walisema mteuzi haishi tamaa, na hapa tamaa yake ndiyo yatusaidia. Mkono uliotia dawa usiwe ule unaolisha, kwani harufu ya kidonge hubaki vidoleni. Kidonge kikubwa kikatwe, lakini uliza kwanza kama chaweza kukatwa au kusagwa, kwa sababu vingine vimefunikwa ili viyeyukie tumboni. Na mbwa alishwe peke yake, mbali na kuku na mbwa wa jirani. La sivyo utakuwa wamtibu jogoo.

Katika hila hizo yako mambo ya kuepuka. Mchuzi wenye vitunguu, vya maji au vya thomu, huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, ikamchoma matumboni. Na ikiwa wafikiri kutumia siagi ya karanga ya dukani, soma kopo: ukiona neno xylitol, ambayo ni sukari ya bandia itiwayo pia katika ubani wa kutafuna, usimpe hata kidogo. Kwa binadamu haina neno. Kwa mbwa ni sumu kali. Karanga ulizotwanga mwenyewe hazina shida.

Lakini tofautisha mbwa mteuzi na mbwa mgonjwa. Mteuzi hukataa kidonge akala nyama. Mbwa aliyekataa kila kitu, hata nyama, siku moja na ya pili, huyo hachagui. Pengine jino limevunjika au ufizi umeoza. Utamwona akitafuna upande mmoja au akiangusha chakula. Pengine ni homa ya kupe. Hii nataka muisikie vizuri, maana katika nchi zetu ni kawaida mno: kupe huwatia mbwa vijidudu katika damu, mbwa akapata homa, akakosa hamu ya kula, ufizi ukawa mweupe, na viungo vikavimba hata akachechemea. Mwenyewe akasema ni uzee. Mbwa wa namna hiyo ukimpa dagaa miezi miwili wampotezea wakati wake, na pengine uhai wake, kumbe ziko dawa za kumponya zikiwahi. Mtazame masikioni na katikati ya vidole kila juma, na kupe uwatoe.

Tena kuna lililo baya kuliko yote. Mbwa ambaye ghafula hawezi kumeza, taya limelegea, mate yatiririka, sauti imebadilika, watu hudhani amekwamwa na mfupa. Mwenye huruma hutia mkono kinywani autoe. Ndugu yangu, usitie mkono! Hivyo ndivyo kichaa cha mbwa kinavyoonekana mara nyingi, na mate yale yakipita katika mchubuko mdogo wa kidole, binadamu akianza kuonyesha dalili hapati kupona. Mwondolee watoto, mfungie mlango, mwite bwana mifugo. Aliyeumwa au kuguswa na mate penye mchubuko aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Na mbwa wote wachanjwe kila mwaka, pamoja na huyo mzee asiyetoka nyumbani. Wataalamu husema katika kila mbwa 100 wa kijiji wakichanjwa 70, kichaa hukosa njia ya kuenea.

Nataka pia kuligusa swali aliloniuliza mama mmoja mjane baada ya Misa. "Shikamoo, mama," nilimwambia. "Marahaba, mwanangu. Hivi kununua dawa ya mbwa kwa fedha ya mahindi, nami nina wajukuu, si dhambi?" Sikutaka kumjibu kwa kichwa changu, nikamfungulia Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418. Pale twafundishwa kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na twawiwa nao wema, kama walivyowatendea Mtakatifu Fransisko wa Asizi na Mtakatifu Filipo Neri. Kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu. Lakini pale pale twaambiwa kwamba si haki kuwatumia fedha ambayo kwanza ingepaswa kupunguza taabu ya watu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi kopo la dawa nisinunue, na fimbo nayo nisimpige. Dagaa watokana na chungu changu mwenyewe." Sijui padre gani angelieleza jambo lile kwa maneno machache zaidi.

Tena mbwa hakosi mahali katika habari za imani yetu. Mtakatifu Roko, tunayemkumbuka tarehe 16 Agosti, alipougua tauni peke yake porini, husimuliwa kwamba mbwa ndiye aliyemletea mkate. Na katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia aliposafiri pamoja na malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao, na waliporudi mbwa alikuwapo. Katika safari hiyo hiyo walivua samaki na kutoa ndani yake dawa, ingawa dawa ile ilikuwa ya macho ya mzee Tobiti, si ya magoti ya mbwa.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonisukuma zaidi kuandika. Mbwa akilia kwa maumivu usiku, mwenye huruma hufungua kopo lake mwenyewe la dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo twazinunua dukani kama pipi, humtoboa mbwa tumbo na kumwua figo. Huanza kutapika, kinyesi huwa cheusi kama lami, kisha hulala asiamke, nawe hujui kwamba ndiwe uliyemlisha. Hata paracetamol usimpe pasipo neno la bwana mifugo, na paka usimpe kamwe, kwa kuwa kidonge kimoja chaweza kumwua. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kwa mfano meloksikamu, nazo hupimwa kwa uzito wake. Hivyo kabla ya kwenda mpime: panda mizani ya kupimia kahawa au pamba ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Mwambie bwana mifugo miaka yake, mguu upi, tangu lini, anywa maji kiasi gani, na kama amekwisha kupigwa sindano yoyote ya kupunguza uvimbe juma hilo, maana sindano hiyo na vidonge vya maumivu havipatani tumboni. Ukipewa vidonge, mpe baada ya kula, si kabla, na siku ya kwanza ukifiche katika tonge la pili.